Koti la Verlin

Tulikuwa tunachoma nyama kwenye maegesho ya uwanja wa chuo, tukisubiri mechi ya futiboli ya Kimarekani. Mkwe wangu Verlin alikuwa amebandika utepe mweusi juu ya jina la Colby, mrusha mpira wa timu yetu, mgongoni mwa jezi aliyovaa.

"Dogo anawarushia mpira wapinzani! Akakae benchi!"

"Ana miaka kumi na tisa tu, mwanangu."

"Basi akacheze na wa miaka tisa!"

Mara mama yake Colby akaja kutusalimu. Verlin akavaa koti haraka, juani, akampa ubavu ulionona kuliko zote.

"Unatiririka jasho, kaka. Vua koti."

"Nasikia baridi, dada. Na kijana wako... anahitaji muda tu."

Uwanjani mama yule alikaa mbele yetu. Verlin hakuvua koti mechi nzima. Alimtukana kocha tu.