Aliyelisha Ndiye Anayeshika

Mama hakuwa akimkamata kuku wa kuchinjwa miguu na kumning'iniza kichwa chini kama wafanyavyo wengi. Alimweka kwapani kama mkoba, akazunguka naye uani taratibu huku akimweleza habari za mvua. "Mawingu yapo," angesema, "lakini sioni dalili. Labda kesho." Kuku alitulia tuli, akigeuza jicho moja kuyatazama mawingu hayo, na kisu kilipopita alikuwa bado anasikiliza. Nilipokuwa mdogo nilidhani ndivyo kuku wote duniani wanavyokufa, katikati ya mazungumzo.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria chungu nzima, na nyingi tulizivunja kabla jua halijapanda. Moja tu haikuvunjwa: aliyelisha ndiye anayeshika. Ukimpa mnyama pumba na maji mpaka akanenepa, siku yake ikifika unamshika wewe, ili uso wa mwisho atakaouona uwe uso anaoujua. Kisu kilikuwa kazi ya Mjomba, kaka yake Mama, aliyekuwa na bucha mtaa wa pili, na hata yeye alikatazwa kukinoa mahali mnyama anapoweza kusikia. "Buchani kwako fanya utakavyo," Mama alimwambia. "Uani kwangu hakuna anayekufa na hofu." Mjomba alicheka, akasema laiti bucha ingekuwa ya dada yake, wateja wangekufa njaa wakingoja ng'ombe amalizie kusimuliwa habari.

Mimi sheria hiyo haikuninyima usingizi. Kuku walikuwa wa Mama, sungura walikuwa wa Kaka. Kaka aliwashika sungura wake kwa uso mkavu, na baadaye mezani akawa wa kwanza kuomba paja. Nilimwona katili, ingawa paja lenyewe tuligawana.

Kisha mbuzi wetu akafa akizaa. Alituachia kitoto chenye miguu mirefu ambacho hakikujua miguu hiyo ni ya kufanyia nini. Mama alikuwa fundi wa nguo, na msimu ule kazi ilikuwa imemfika shingoni. Akanikabidhi chupa ya maziwa bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Huyu ni wako," alisema.

Lilikuwa onyo. Mimi nilisikia zawadi.

Tulimwita Mkaguzi, kwa kuwa hakuna kitu kilichoingia nyumbani bila yeye kukipitia. Alilala chini ya meza ya cherehani, juu ya mabaki ya vitambaa, na miguu ya Mama ilipoanza kukanyaga asubuhi ndiyo ilikuwa saa yake ya kuamka. Aliula utepe wa kupimia kuanzia mwanzoni, na kwa muda Mama aliwapima wateja kwa kipande kilichosalia, akikokotoa kichwani huku akisonya. Aliila barua ya shule kabla Kaka hajapata aibu ya kuisoma mbele ya wazazi, na kwa hilo Kaka alimheshimu daima. Watu husema mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake. Wetu alikula na kamba.

Kila jioni nilimpitisha kando ya bustani, mkono wangu ukimkuna nyuma ya sikio. Mahali pale palikuwa na siri yake. Ukipagusa tu shingo ililegea, macho yakafumba nusunusu, na mbuzi mzima na ujeuri wake wote akakuegemea mguuni. Hapo nilimsomea tuta kwa tuta, kwa sauti ya mwalimu. "Mchicha huu si wako. Maharagwe haya si yako. Majani ya viazi, haya ndiyo yako." Alisikiliza kwa adabu, kisha nikipepesa tu macho anauvamia mchicha.

Mwaka uliofuata Baba alianguka. Alikuwa fundi wa mapaa, mtu aliyetembea juu ya mabati kama wengine wanavyotembea sebuleni, na siku moja bati likamkana. Mguu ulivunjika vibaya. Alikaa hospitali muda mrefu, na nyumbani tukazoeana na mchicha kupita kiasi. Usiku nilijifunika shuka na kuahidi, bila kuombwa na mtu, kwamba Baba akirudi nitatoa chochote nilicho nacho. Mtoto huahidi kwa urahisi sana, maana hadhani kuna anayesikiliza.

Baba akaruhusiwa. Alishushwa kwenye teksi na watu wawili, na nilipomkumbatia niliogopa, kwa kuwa mikono yangu ilikutana mgongoni mwake. Jioni ile Mama alikuwa akikata uzi kwa meno.

"Baba yenu amerudi mifupa mitupu," alisema. "Atahitaji supu, na nyama ya kutosha mpaka asimame."

Hakumtazama mtu. Chini ya meza Mkaguzi alikuwa akitafuna pindo la suruali ya mteja. Nilijua, na Mama alijua kwamba nimejua. Nilimpenda baba yangu na nilimpenda mbuzi wangu, na sikuwahi kuambiwa kwamba mapenzi mawili yanaweza kukaa kwenye sahani moja.

Usiku kucha nilitafuta mlango wa kutokea, na asubuhi nikadhani nimeupata. Sheria ilisema aliyelisha. Basi nikaibeba ndoo ya pumba hadi kwa Kaka.

"Kuanzia leo utamlisha Mkaguzi wewe."

"Kwa nini?"

"Nina kazi za shule."

"Shule imefungwa."

Nikamsogezea ndoo. Alinitazama, akaitazama ndoo, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika.

"Haya," alisema, akaipokea. "Lakini mimi ni mtu wa sungura. Usije ukanilaumu."

Ndani, cherehani ilinyamaza kidogo, kisha ikaendelea.

Siku zilizofuata nilimpita Mkaguzi kama jirani niliyegombana naye. Alipokuja kunisukuma kwa paji la uso nilijifanya natazama kitu juu ya ukuta. Pumba ya Kaka aliionja tu, akaiacha, akanifuata mpaka mlangoni mwa choo na kunisubiri nje. Nililia humo ndani huku nimejiziba mdomo, na nilipotoka alinikagua usoni kama kawaida yake, akalamba chumvi.

Siku yenyewe Mjomba alifika asubuhi, kisu kimefungwa ndani ya gazeti, akamsalimu Baba aliyekuwa ameketi sebuleni, mguu wake wa plasta ukiwa juu ya stuli. Mimi nilikuwa nimekwisha kuingia chini ya meza ya cherehani, vidole masikioni. Vidole havizibi kitu. Nilimsikia Kaka uani, "Tulia basi! Tulia wewe!", nikasikia ndoo ikipinduka, kwato zikikwaruza sakafu, kisha sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa Mkaguzi. Alilia kama mtoto aliyepotea sokoni. Nilitamani ardhi ipasuke nimezwe.

Ghafla mlango ukagonga ukuta.

"Mguu wangu, jamani!" Baba alipiga kelele.

Mkaguzi alipita chini ya mguu huo, akazunguka kiti, akajisukuma chini ya meza mahali alipolala utotoni. Hapakumtosha tena. Cherehani ilinyanyuka na kutikisika, mkasi ukaanguka, pembe zikachana kitambaa cha mtu. Lakini aliingia. Akaweka kichwa mapajani mwangu, na moyo wake ukagonga dhidi ya goti langu kwa nguvu hata nikahisi ni wangu. Mkono wangu ulikuwa umeshafika nyuma ya sikio lake, sijui ulikwendaje. Moyo ule ukapunguza mwendo. Macho yakafumba nusunusu.

Mama alikuja akapiga magoti, uso wake ukawa sawa na nyuso zetu.

"Anatetemeka," nilisema.

"Alikuwa anatetemeka kule nje. Mguse uone. Sasa hatetemeki."

"Nilimpa Kaka amlishe."

"Nilikuona."

"Kwa hiyo sasa ni wa Kaka."

"Mwambie yeye," Mama alisema, akimwonyesha mbuzi kwa kidevu.

Baba alikohoa. "Mwache mtoto, mke wangu. Mimi nitakunywa hata supu ya mchicha."

"Uliinywa huko hospitali, ndiyo maana shingo imekuwa hivyo," Mama alijibu bila kugeuka. Kisha akapunguza sauti ikawa ya watu wawili tu. "Sikulazimishi, mwanangu. Ukisema hapana, Mjomba wako atarudi zake na kisu chake, wala hutasikia neno kwangu leo. Ila kesho baba yako atakuwa vilevile, na nitakuja kukuuliza tena. Sitakuficha."

"Ataumia?"

Alifikiri. Mama hakuwahi kunijibu harakaharaka jambo la maana.

"Kidogo. Lakini kuumia ni jambo moja na kuogopa ni jambo jingine. La kwanza hatuna uwezo nalo."

Sijui nilikaa pale muda gani. Najua nilimtazama Baba kati ya miguu ya meza. Alikuwa ameshika paja lake kwa mikono miwili, akijitahidi kutonitazama ili nisione anataka nini, na mishipa ya mikono ile ilikuwa imesimama juu ya ngozi. Nikapiga moyo konde. Nilitoka kwa magoti, na Mkaguzi akatoka nyuma yangu bila kamba.

Nilimpitisha kando ya bustani kama kila jioni, ingawa ilikuwa asubuhi. Mjomba alitufuata kwa mbali, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na mzaha. Sikujua maneno ya mvua. Yale yalikuwa ya Mama na kuku wake. Nikasema niliyoyajua.

"Mchicha huu ni wako," nilimwambia. "Maharagwe haya ni yako. Majani ya viazi ni yako. Haya yote ni yako."

Nikauchuma mchicha kwa mkono mmoja, mwororo kabisa, nikampa. Alinitazama kwanza, kwani alikuwa amezoea kukatazwa. Halafu akala. Nilikaa chini kwenye udongo, kichwa chake kikiwa kifuani mwangu, kidole changu nyuma ya sikio. Kisu kilipopita alikuwa bado anatafuna.

Supu ile Baba alikunywa mabakuli mawili, rangi ikamrudia usoni tukiona. Mama aliniwekea sahani yangu mbele akaketi kando yangu. Nilikula. Nilikuwa nimetumaini nyama itanikwama, angalau iwe chungu, lakini ilikuwa tamu. Hilo ndilo lililoniliza. Kaka, ambaye siku zote huomba paja, safari ile hakuomba chochote.

Sasa Mama analala nyumbani kwangu, katika chumba chenye dirisha linalotazama uani. Ugonjwa umempunguza hadi ukimgeuza kitandani unahofia kuacha kitu nyuma. Ana kidonda mgongoni, na muuguzi huja asubuhi kukisafisha. Binti mpole, mikono yake safi, lakini ni mikono ya mgeni. Mama yangu, aliyewahi kumkemea nyoka kwa lugha ya kawaida na nyoka akaondoka, siku hizi akisikia geti likifunguliwa hulikamata shuka kwa ngumi zote mbili.

"Bibi, ukijikaza hivi utaumia zaidi," muuguzi alimwambia juzi, kwa huruma.

Mama alizidi kulikaza shuka. Alikuwa anatetemeka. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na beseni la maji, kwa kuwa kila siku nilikuwa nikisimama mlangoni. Nilijiambia kazi hiyo ina wataalamu wake. Nikaliweka beseni chini. Nikapanda kitandani, nikakiweka kichwa chake mapajani mwangu, na kabla sijafikiri chochote kidole changu kilikuwa nyuma ya sikio lake. Nywele za pale ni laini kama za mtoto. Polepole shingo ikalegea, ngumi zikafunguka, muuguzi akainama kufanya kazi yake.

Mama akafumbua jicho moja.

"Unanishika kama Mkaguzi."

Mkono wangu uliruka kana kwamba umeungua.

"Mkaguzi ni nani?" muuguzi aliuliza.

"Mbuzi," tulijibu kwa pamoja, na binti wa watu akaona heri anyamaze.

"Mama, sikukusudia..."

"Rudisha mkono," alisema. "Nani amekwambia uutoe? Ila usiniharakishe. Mimi siendi leo."

Niliurudisha. Machozi yalinidondoka nikayaacha yadondoke. Nje ya dirisha mawingu yalikuwepo, nami nikatafuta neno la kusema juu ya mvua, kama yeye na kuku wake, lakini alinitangulia.

"Bustani ikoje?"

"Mchicha umechipua," nikasema.

"Wa nani?"

Muuguzi alikuwa ameshaanza kukunja bandeji ya zamani. Mama hakuwa na habari kwamba kidonda kimekwisha kusafishwa. Macho yake yalikuwa yamefumba nusunusu, na uzito wote wa kichwa chake ulikuwa juu yangu.

"Wako, Mama," nikamwambia. "Mchicha wote ni wako."

Alipumua taratibu.

"Na maharagwe?" akauliza.