Atembee Hadi Akumbuke

Wakati wa vita Mardochée alikuwa na bunduki na maneno mawili: "Anayekaa, anabaki." Aliwaswaga watu wa Kailo porini kuelekea Obokote, kila mmoja na gunia la chumvi kichwani. Yassine, kaka yake Rachida, alivimba miguu siku ya nne, akakaa. Rachida alikuwa hatua tatu mbele. Alimsikia akimwita mara moja, hakugeuka, akaendelea kutembea, na mpaka leo anajilaani kwa hilo.

Na huyo Mardochée? Alizeeka vizuri tu, hapahapa Alunguli, nyumba ya tatu kutoka kwa Rachida, akiitwa papa, baba, na kila mpita njia! Halafu kiharusi kikampiga. Mguu ukafa, ulimi ukawa mzito, akasahau hata jina lake. Wake zake wakafunga virago.

Mganga wa hospitali alisimama uani akasema kwa sauti, "Huyu muzee atembee kila siku, dawa yake njo hiyo. Damu ikizunguka, muguu utarudi, usingizi utarudi, hata akili itarudi."

Nyuma ya ua, Rachida aliacha majani ya sombe kwenye kinu. Akili itarudi! Duniani kote alibaki mtu mmoja tu aliyejua Yassine amelala wapi, na ndiye huyo. Rachida hakutaka kisasi. Alitaka mahali pa kusimama amsomee kaka yake dua, basi.

Kesho yake alfajiri alikwenda kumwinua. "Papa, simama. Tunatembea."

Wakatembea, mvua na jua. Mzee alilia, akaomba kukaa, Rachida akamvuta mkono, na kusema kweli machozi yale yalimfurahisha. Akina mama wa soko wakamchokoza, "Rachida, ndoa lini?" Naye akawajibu, "Siku mutafunga midomo."

Mwezi wa tatu mguu uliitika. Mzee akala, akalala, akacheka. Majina yakarudi: la mama yake, la mbwa wake wa utotoni. Na Rachida pia, aibu gani hii, magoti yakaacha kuuma, akalala usingizi mzito ambao hakuujua tangu vita. Aliona uchungu kupona kwa kushikana mkono na mtu yule.

Asubuhi moja mzee alikwenda vizuri mno. Wakapita bustani za mwisho, wakashika njia ya zamani ambayo mafuriko yalikata daraja lake na hakuna aliyeipita tena. Rachida akasimama.

"Papa, unakumbuka njia ya Obokote? Kijana mumoja alikaa chini, shati ya manjano."

Mardochée hakufikiri hata kidogo. "Yassine. Kaka yako."

Rachida alikuwa hajamtajia jina hilo hata siku moja.

"Nilikujua siku ya kwanza ulinishika mukono," mzee akasema, ulimi mwepesi kabisa. "Mengine yote yalinitoka, hiyo hapana. Ningekuambia, nani angenitembeza?"

"Yassine iko wapi?"

"Mutoni. Tulimusukuma. Alikuwa hajafa bado, alikuita muda murefu." Akajifuta jasho. "Kaburi hakuna, mama, usijisumbue. Nipe mukono turudie. Ao nikae kwanza kidogo, nimechoka."

Miezi yote ile hakumruhusu kukaa hata mara moja. Sasa alimshika kwapani, akamshusha polepole kama mgonjwa, akamwegemeza kwenye kisiki juani. Akachukua fimbo ambayo mzee alitembelea.

"Kaa, papa," akasema.

Akageuka kuelekea nyumbani. Mzee alimwita, kwanza kwa kuamuru, halafu kwa kulia, halafu kwa jina lake, Rachida, Rachida. Alimsikia vizuri sana. Miguu yake ilikuwa na nguvu, kifua chepesi, na hakugeuka.