Kitambaa Kisichoficha Kitu

Mjukuu wangu ni mfanya kiinimacho, wala sioni haya kulisema. Nilimlea kwa hesabu za kichwa na adabu kali. Hajapata kuchungulia nyuma ya pazia la mtu, wala kumhonga msaidizi wa mtu. Akiuona mchezo wa mwenzake, hukaa chini akaufikiri mpaka ufunguke. Mimi huhesabu jambo hilo kuwa halali tupu: kichwa ni chake na jasho ni lake.

Kwa hiyo mwenye ukumbi wa maonyesho alipomwambia, "Nieleze yule mzee Kitambaa anavyofanya mchezo wake, na jukwaa la Jumamosi litakuwa lako," sikukasirika. Niliweka sharti moja tu. Katika nyumba yangu mtu hasengenywi. Mwenye mchezo naye aje asikie.

Kitambaa ni mzee wa rika langu. Hubandikwa unga uliokandwa machoni, akafungwa kitambaa cheusi, kisha watazamaji wakamkabidhi saa, leso na funguo zao. Hupita kiti kwa kiti akimrudishia kila mtu chake, na hakosei. Watu huapa kwamba anachungulia pembeni mwa pua. Mjukuu wangu alijifunga vivyo hivyo sebuleni, akaligonga kabati langu la vyombo. Hakuona hata mwanga. Akakata shauri kwamba mzee hatumii macho kabisa: husikiliza pumzi, hunusa mafuta ya nywele, hukumbuka sauti. Akajizoeza mpaka akaweza kunirudishia miwani yangu katikati ya wajomba zake wote.

"Umefunguka, babu!" akaniambia. Hakuwa na ndoto nyingine ila jukwaa lile.

Walifika alasiri. Mwenye ukumbi alitangulia, pete zikimgongana vidoleni. Kitambaa akafuata, mkono begani mwake kama wafanyavyo marafiki.

"Haya binti," mwenye ukumbi akasema kabla hajakaa vizuri, "mwanike mzee wa watu."

"Angalau ninywe chai kwanza," Kitambaa akacheka. "Hata mbuzi hupewa majani."

Mjukuu wangu akamwekea kikombe upande wa kushoto, bila mlio, maana mikono yake ni myepesi kwa kazi. Mzee akamshukuru akimtazama usoni, kisha mkono wake ukaenda kulia, mlio wa bakuli la sukari ulikotokea. Vidole vikatafuta, vikagusa hewa, vikarudi gotini kana kwamba havikuwa na safari.

Uso wa mjukuu wangu ukamparama. Alikitazama kikombe, akayatazama macho ya mzee.

"Umemeza ulimi?" mwenye ukumbi akamhimiza.

"Anachungulia," akajibu. "Pembeni mwa pua."

Nusura nianguke kitini. Mtoto niliyemlea mimi, anasema uongo mchana kweupe, tena anaitupa Jumamosi yake!

Mwenye ukumbi alicheka mpaka akakohoa. "Hilo hata mfagizi wangu analisema! Basi, nafasi huna."

Kitambaa hakucheka. Alisimama. "Uongo. Ulikuja ukumbini mara nyingi, binti. Kiatu chako cha kushoto kinalia. Ulikuwa ukivuta pumzi nilipovuta mimi. Aliyefika hapo harudi kwenye pua. Mbona unanitukana?"

"Sikukutukana, babu. Nilitaka tu—"

"Umenihurumia! Fikiri utakavyo, kufikiri kwako hakunipunguzii kitu. Lakini siri ni yangu. Kuitoa ni juu yangu, na kuifunika pia ni juu yangu. Hukuniuliza. Basi nakuuliza mimi: umeona nini?"

Mjukuu wangu akamjibu. "Kitambaa hakifichi kitu. Mchezo wenyewe ni kabla hujafungwa. Ni pale unapojifanya unatuona."

Mzee huyu alikuwa amenipungia mkono ukumbini, akalisifu koti langu jipya! Ndipo nikakumbuka kwamba jirani yangu alikuwa amelisifu kwanza, kwa sauti kubwa.

Mwenye ukumbi akapitisha kiganja mbele ya macho ya mzee.

"Ondoa mkono," Kitambaa akasema. "Pete zako zinanuka shaba, nawe uliniambia dhahabu."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipokuwa ukichana tiketi mlangoni."

"Na zile ngazi? Ukianguka watu nitawaambia nini?"

"Nimewahi kuanguka?"

Mwenye ukumbi akajifuta uso, akamgeukia mjukuu wangu. "Ahadi ni ahadi. Umejibu. Jumamosi ni yako."

Mjukuu wangu akatikisa kichwa. "Nimejibu kwa sababu yeye ameniuliza," akasema, "si kwa sababu wewe uliniahidi. Jukwaa lina mwenyewe." Akampigia mzee magoti. "Babu, naomba ruhusa ya kukaa na ninachokijua."

"Kaa nacho. Ila usikifanye mpaka nife, na sina haraka."

Mwenye ukumbi akanitazama mimi, kana kwamba hukumu ilikuwa yangu. Sikumsaidia.

"Jumamosi, saa ile ile," hatimaye akamwambia Kitambaa. "Lakini ngazi nitaziwekea kamba ya kushikilia."

"Ukiiweka," mzee akasema, "nitaikwaa. Ngazi nimezizoea zilivyo."