Waliponiwamba Kama Dufu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimepiga magoti kwenye uwanja wa madrasa yetu, Pangani, katika safu ya wapiga dufu, tukisubiri maulidi yaanze. Kila mtu anapasha dufu lake kwenye jiko la makaa ili ngozi ikaze. Langu likakataa.

"Mimi sina baridi," likasema. "Baridi unayo wewe. Kapashwe wewe kwanza."

Sikushangaa. Maalim Shekue, aliyenifundisha tangu utotoni, hutuambia kila siku kwamba dufu huanza kulia ndani ya mpigaji. Wenzangu leo wameamua kuhakikisha. Wananivua kanzu kwa adabu, wananiwamba kwenye duara la mti, wananigeuzageuza juu ya makaa. Nawaomba radhi kwa kuwachukulia nafasi ya jiko.

Mara madrasa ni wodi. Maalim amelala kitandani, hoi, kama alivyo kweli wiki hizi. Ndiye peke yake aliyebaki mjini wa kunipa ijaza, ile ruhusa ya kuongoza zikri, na mimi sina kingine ninachokitaka duniani. Wananikabidhi kwake, bado natoka moshi.

"Bismillahi," anasema, ananipiga.

Pu.

Muuguzi anainua kichwa. "Nani kaangusha kiatu?"

Ananipiga tena. Nakaza tumbo, namwomba Mungu. Pu.

"Maalim, wanirudishe motoni," nasema. "Nakusihi. Safari hii nitalia."

"Moto umekutosha, mwanangu." Ananitazama kwa huruma, na huruma ile inaniua. "Mapigo ya mkono wangu umejifunza yote, hujabakisha kitu. Mola wako hukumtafuta hata siku moja."

Kisha anawaambia wenzangu, "Mtieni chumvi asioze. Huenda akapatikana wa kumwamba upya."

"Nani, Maalim? Amebaki nani?"

Wananipaka chumvi ya mawe mpaka masikioni, wananikunja, wananiweka juu ya kabati la dawa.

Nikaamka. Mke wangu, Mwanakombo, alikuwa amesimama mlangoni, amekwishajitanda kanga.

"Baba Rukia, inuka. Maalim ametutoka alfajiri hii."

Nilibaki nimekaa kitandani, nimekata tamaa kabisa, hata kilio hakikuja. Akaja kunishika bega, akasita, akanipangusa sikio kwa kidole, akakitazama.

"Hii chumvi ya mawe umeitoa wapi?"