Kopo la Vifungo

Mimi ni fundi lifti mstaafu. Miaka thelathini na moja nimepandisha watu ghorofani, na siku moja, msinibishie, nilimpandisha tembo wa sarakasi hadi ghorofa ya tisa kwa sababu alikataa katakata kutumia ngazi. Kwa hiyo mtaielewa aibu yangu pale changu mwenyewe kilipogoma kupanda.

Kiligoma miezi minne. Ninayeishi naye, mwaka wa ishirini na mbili huu, ni fundi cherehani. Mtaa mzima unamwita Futi kwa sababu futi ya kupimia nguo haimtoki shingoni. Ndiye mume wangu. Cheti hatuna, lakini dada yake huniita shemeji, na kwangu yatosha.

Badala ya kumwambia ukweli, nikawa natunga. Leo mgongo umekaza, kesho nimemeza kokwa. Futi alicheka wiki mbili za mwanzo, kisha akaacha. Jumapili moja mchana nikamkuta anahamisha mto wake kwenda chumba cha cherehani.

"Unakwenda wapi, mpenzi?"

"Nina suti ya bwana harusi. Nitalala hukohuko."

"Suti inalaliwa?"

"Mwongo wangu," akasema, kwa upole, na upole huo ndio ulionikata maini, "kama umenichoka, sema. Mimi si mtoto."

Nikafungua kinywa nimwambie. Ukatoka uongo uleule wa mgongo.

Asubuhi yake nikaenda zahanati. Daktari alikuwa binti mdogo, wa kuweza kuwa mjukuu wangu. Njia nzima nilikuwa nimefanya mazoezi ya kusema kweli, lakini nilipokaa kitini ulimi ukashika njia yake.

"Mke wangu analalamika," nikaanza.

Ningeishia hapo ingekuwa nafuu. Lakini mimi nikianza sina breki. Dakika tano baadaye mke wangu alikuwa mwalimu wa kuogelea, mrefu, mkali, na anapiga tarumbeta. Daktari aliandika yanayomhusu tu. Akauliza sukari, moyo, sigara. Akanipima presha, akakunja uso.

"Mzee wangu, tatizo hili wanalo wengi, lisikutie aibu. Ila presha yako iko juu kama mtu asiyemeza dawa. Kesho njoo na dawa zote zilizomo nyumbani."

Hapo lazima niwaeleze kuhusu kopo. Futi hawezi kuona kitu kidogo cha duara asikipange. Dawa zikiingia nyumbani, anatupa maboksi na kuzimwaga kwenye kopo lake la vifungo lenye vyumba vyumba, kwa rangi na ukubwa. Kidonge changu cha presha kilikuwa cha njano tangu zamani, kwa hiyo kila asubuhi natia kidole chumba cha njano, nameza, basi.

Kesho yake daktari akafungua kopo, akaniangalia.

"Hivi ni vifungo?"

"Upande huo. Huku ni dawa."

"Wewe unameza vipi?"

"Vya njano."

Akakisogeza kimoja kwenye taa, akasoma alama zake, akatafuta kwenye kompyuta. Halafu akachukua kimoja cheupe, maana vyeupe vilikuwa vimejaa hadi kufurika.

"Vya presha siku hizi ni hivi vyeupe. Duka la dawa lilibadilisha. Hiki cha njano ni cha nani?"

"Labda cha mke wangu."

Jibu lilinitoka lenyewe. Daktari akakiweka kidonge mezani taratibu.

"Mkeo anaumwa tezi dume?"

Jamani. Mtu aliyempandisha tembo akakosa hadithi. Nikatazama mlango, nikatazama kopo, nikaukumbuka ule mto.

"Ni mwanamume," nikasema. "Fundi cherehani. Alianza dawa ya tezi miezi minne na nusu iliyopita. Tarumbeta hapigi."

"Na kuogelea?"

"Anaogopa hata beseni."

Akacheka hadi akavua miwani. "Ungeniambia jana, mzee. Mimi nilisomea mwili, sikusomea uaskari." Kisha akauliza yale ambayo hakuwa na sababu ya kumuuliza mume wa mwogeleaji, nami nikajibu yote bila kutia chumvi. Akasema kidonge cha njano huwafanyia hivyo baadhi ya wanaume. Nikiache, nirudie cheupe, nivumilie wiki kadhaa. Changu kisiporudi, kuna msaada mwingine, ila nisinunue vidonge vya nguvu mitaani. "Na wiki ijayo mje wote wawili mpimwe."

Nilimkuta Futi kwenye cherehani. Nikaweka kopo juu ya suti ya watu.

"Sijakuchoka. Kimegoma. Niliona haya kusema."

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. Nikamweleza yote, mpaka mke mwenye tezi dume. Akanisikiliza kama anavyosikiliza habari za tembo.

"Hiyo umeitunga njiani?"

"Hesabu vyeupe."

Akahesabu. Akahesabu tena. "Ndiyo maana vyangu vinaisha upesi," akanong'ona. "Na mimi ndiye niliyevipanga." Kisha kicheko kikamshika, futi ikamponyoka shingoni, nikaiokota mimi. "Miezi minne, Mwongo wangu! Nililia humu ndani kwa sababu ya kidonge changu mwenyewe!"

"Angalau tezi yangu imetibiwa kabla haijaumwa."

Mto ulirudi kitandani siku ileile, kabla ya kingine chochote kurudi. Wiki iliyofuata tukaenda wote, na daktari akamtazama Futi juu hadi chini: "Huyu ndiye mpiga tarumbeta?" Sasa dawa zinakaa kwenye maboksi yake, na kila boksi limeshonewa kitambaa chenye jina la mwenyewe kwa uzi mwekundu.

Kilichobaki kilirudi wiki ya saba, asubuhi, Futi akiwa shahidi. Kamuulizeni. Yeye hasemi uongo.