Wageni wa Farida Wasiofungua Mdomo

"Hiyo harufu unayosikia ni ya wivu, Mama Albano. Jipake limau puani, itapungua!"

"Mie nikuonee wivu kwa mawe yaliyooza?" Mama Albano, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa ameshika mwiko wa chapati kama rungu la mlinzi. "Wateja wangu wanakula kwa mkono mmoja, Farida. Mwingine uko puani!"

"Kwanza si mawe. Ni matumbawe. Viumbe hai!"

"Kiumbe hai hanukagi hivyo. Anayenuka hivyo huwa tunamsomea misa."

Farida aliingia ndani, akabamiza mlango mpaka pazia likashtuka.

Pale palipokuwa na kabati la vyombo sasa lilikaa tangi la kioo la maji ya chumvi, ambalo mumewe Marijani, fundi friji, aliuziwa na mteja aliyehama Chang'ombe. Samaki wawili wa kuanzia walikaa salama. Yakafuata matumbawe, ya kufugwa, yenye vibali vyake. Siku yalipozoea mwanga yalichanua zambarau na kijani, vidole vyake laini vikipunga kama bi harusi anayeaga kwao. Farida aliita mtaa mzima uje kuona. Sasa yalikuwa yamejikunja kama ngumi, na Marijani alishatamka: yakifa, tangi linakuwa la maji ya kufulia. Kufulia! Mbele ya macho ya Mama Albano!

Si kwamba hakuelekezwa. Muuzaji wa matumbawe alimwambia ayaache yatulie kwanza, kisha ayape matone machache tu, mara mbili kwa wiki, azime pampu ya kuzungusha maji ili chakula kisisombwe, na adondoshee kila moja kwa bomba la sindano. Farida alimsikiliza vizuri, akampuuza vizuri zaidi. Matone! Katika nyumba ambayo hata mtu aliyekuja kuulizia njia huondoka anacheua? Ndiyo, mgeni siku ya tatu hupewa jembe, lakini kwa Farida siku mbili za mwanzo hulishwa mpaka aombe radhi.

Basi akatwanga kamba wakavu, akaweka kopo na kijiko juu ya tangi, na kila aliyeingia akaambiwa, "Karibu, walishe wageni wangu." Mafundi wa gereji wakalisha. Wasusi wa kibarazani kwake wakalisha. Shangazi yake Marijani, Bi Mwajabu, alikuja na dagaa wa kusaga wa kwake, akapiga bismillahi, akamimina kiganja kizima. Maji yakawa supu ya juzi.

"Umewapa nini hawa?" Marijani aliuliza.

"Kidogo tu."

"Kidogo cha nani?"

Farida akatazama dari. "Cha kila mtu."

Mama Albano naye hakulala na neno. Mpaka unga wake unaisha jioni ile ya ugomvi, habari ya harufu ilishafika mtaa wa Keko kabla ya harufu yenyewe. Kesho yake hakuna aliyebisha hodi. Wala keshokutwa. Wasusi wakahamia kibaraza kingine, na Bi Mwajabu, mwenye kujua kila kitu, akapatwa na mafua ya ghafla. Farida akabaki na sufuria kubwa, sahani zimepangwa, na mume anayebadilisha maji kidogo kidogo huku akisafisha uchafu.

Siku ya nne jioni, akiwa peke yake, aliona kidole. Kimoja, cha kijani, kikichungulia kama mdaiwa nyuma ya mlango. Kisha cha pili. Kisha tumbawe zima likafunguka.

"Jamani njooni muone!" akapiga kelele. Hakuna aliyejibu. Furaha isiyo na shahidi, kwake, ilikuwa msiba. Akagonga ukuta.

Mama Albano alikuja na mwiko wake, akanusa kushoto, akanusa kulia. "Mbona hainuki?"

"Kwa sababu ya mdomo wako. Umenifukuzia watu, wageni hawa wamekosa wa kuwashindilia chakula, wamepona. Ahsante, nuksi we."

Akazima pampu, akavuta chakula kidogo kwa bomba, akadondosha. Vidole vikajifunga taratibu juu ya tonge.

"Wanakula!" Mama Albano alisahau kuwa na kinyongo. "Ndiyo hicho tu? Usiwe mchoyo, Farida, waongeze!" Mkono wake ulikuwa tayari kwenye kopo la kamba.

Farida akaupiga kibao.

"Uache! Ukiona hamu ya kulisha imekushika, jilishe mwenyewe. Wali wa nazi upo, samaki wa kupaka yupo, watu hawapo, na aliyewatawanya ni wewe. Weka mwiko chini, nawa mikono, karibu mkekani umalize sufuria."