Vidole Viwili vya Tope

Mimi ndiye niliyeiharibu kazi ya Daktari Feisal, wala simsingizii mtu. Nilichotaka ni kusikilizwa tu, na hicho ndicho nilichonyimwa.

Miezi sita iliyopita meli iliyobeba mabaki ya kinu cha nyuklia ilipasuka huko nje, kaskazini ya Bagamoyo. Tukakatazwa kuchimba kombe, wale chaza wa topeni. Mwanangu Adila, ambaye mimba yake sasa ina miezi saba, akawa anakula ugali kwa mchicha kila siku, huku amenuna. Ndipo akaja Feisal, mtaalamu wa kupima sumu ya mionzi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tukasema.

Alikuwa akizamisha mabomba ya plastiki kwenye tope la chini ya bahari, akiyatoa yamejaa. Ijumaa moja aliyapanga kumi barazani kwangu.

"Bi Zuhura, nawahi swala. Nizibie haya, yasimame wima, yasitikisike."

"Haya baba, nenda."

Nikayatazama. Juu ya kila bomba palikuwa na uji wa tope, mwepesi, unanuka. Nimechimba kombe miaka thelathini. Uji ule hukombwa ukatupwa, ndipo ulifikie tope lenyewe. Na mgeni aliyevaa kanzu nyeupe hapewi kitu kichafu. Basi nikaukomba kwa kijiko, kina cha vidole viwili kila bomba, nikaifuta midomo ya mabomba kwa kanga, nikaziba. Aliporudi akanisifu kwa usafi, nami nikavimba kichwa.

Baada ya mwezi tukaitwa mkutanoni. Feisal akasema tope letu ni salama, tuchimbe tena.

"Sumu ingekuwepo tungeiona juu kabisa," alieleza, "kwenye ule ujiuji. Hutua pale kama vumbi juu ya kabati."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mimi nilisimama.

"Ule uji niliutupa mimi," nikasema. "Mabomba yote kumi."

Nilimwona Feisal anakumbuka, maana uso ulimshuka. Kisha akasema ripoti imeshapokelewa, na kupima upya kunataka kibali kingine.

"Maji yakimwagika hayazoleki," akadakia mtendaji wa kijiji. "Kaa chini, Bi Zuhura."

"Huyu ana wivu tu!" akapiga kelele Zuwena, rafiki yangu wa miaka yote. "Watoto wetu wale nini, maneno yako?"

Nilimchukia Feisal. Nilimchukia Zuwena pia, na mikono yangu mwenyewe zaidi.

Bamvua lilipofika, bahari ikatoka mbali, na wote wakashuka na ndoo. Nilisimama mlangoni kumzuia Adila.

"Mwanangu, nakuomba. Mimi najua nilichofanya."

"Daktari hajui, ila wewe?" Akanipita kwa ubavu, na tumbo lake lile.

Akarudi na ndoo imejaa. Akachemsha, akatia ndimu na pilipili, akala kwa hamu iliyonitia uchungu. Kisha akanisogezea sahani bila kunitazama. "Mama, kula. Usinifanye nijione mjinga."

Nilijua kilichomo, au nilijua kwamba hakuna anayejua. Nikavuta kigoda, nikala naye mpaka sahani ikaisha, maana sikuweza kumwacha ale peke yake.